Herufi za Bodoni na Didot: kuzipanga na kuzichapa Lubumbashi bila kupoteza unywele

Andika herufi kubwa H kwa fonti ya Bodoni, uikuze mpaka ijaze kioo cha kompyuta. Utaona nguzo mbili nene zimesimama, na kati yake kijiti chembamba kimelala. Kijiti hicho ndicho unywele. Serifi za juu na za chini, yaani vimistari vya nchani mwa nguzo, nazo ni unywele uleule: ni bapa, na zimeungana na nguzo kwa kona kali. Urembo wa ukoo huu wote, yaani Bodoni, Didot, Playfair Display na wenzao, unatokana na tofauti hiyo ya unene na wembamba. Hasara zake zinatoka hapohapo. Kadi ya harusi iliyopendeza kwenye kioo inarudi kutoka imprimeri (kiwanda cha uchapaji) na H iliyogeuka kuwa II, na e isiyo na mshipi. N nayo imebaki mshazari peke yake, kwa sababu katika herufi hizi nguzo za N ndizo nyembamba. Mteja anadhani wino uliisha.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kujua unywele utatoka na unene gani, kwenye mashine gani, juu ya karatasi gani. Ladha inafuata baadaye.

Pima unywele kwanza

Fungua Inkscape, CorelDRAW au Illustrator. Andika H kwa pointi 1000, igeuze iwe mchoro, kisha pima unene wa kijiti cha katikati kwa milimita. Tuseme umepata milimita 7. Kuanzia hapo hesabu ni nyepesi: zidisha 7 kwa ukubwa wa pointi unaotaka kuchapa, gawanya kwa 1000. Kwa pointi 12 unywele utakuwa milimita 0.084. Kwa pointi 24 utakuwa 0.168, kwa pointi 36 utakuwa 0.25, na kwa pointi 72 utafika nusu milimita. Fonti iliyokatwa kwa ajili ya vichwa vikubwa inaweza kuwa chini ya 7, na iliyokatwa kwa maandishi madogo huwa juu zaidi. Weka daftari, andika namba ya kila fonti unayoitumia. Ukurasa mmoja wa namba hizo utakufaa kuliko folda lenye fonti mia tatu usizozijua.

Sasa linganisha na mashine. Leza ya dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi, hutia nukta zenye upana wa milimita 0.042. Unywele wa 0.084 ni nukta mbili tu, na mashine ikikosea nukta moja nusu ya mstari imekwenda. Kwenye leza ya dpi 300 unywele huo ni nukta moja, maana yake ni bahati nasibu.

Mashine za hapa zinaweza nini

Ofseti (uchapaji wa sahani na wino) yenye sahani nzuri, juu ya karatasi ya kushe, yaani karatasi laini iliyopakwa, hubeba mstari wa milimita 0.1 bila shida, mradi ni wino mmoja uliokolea asilimia 100. Kwa fonti yetu ya 7 hiyo ni pointi 14 au 15. Maandishi meupe juu ya rangi ni habari nyingine, kwa sababu wino unatambaa kutoka pande zote mbili kuelekea kwenye unywele. Hapo dai milimita 0.2, yaani pointi 29. Kama rangi ya nyuma imetokana na wino nne, ongeza tena. Sahani zikipishana kwa milimita 0.1 tu, unywele unajaa wino wa sahani nyingine na neno linasomeka nusu.

Leza na fotokopi za rangi, ambazo ndizo zinachapa kadi nyingi za mjini, zinataka milimita 0.15 kwa maandishi ya giza juu ya karatasi nyeupe, na 0.25 kwa maandishi meupe. Kwa fonti ya 7 hizo ni pointi 22 na 36. Ukichapa kwenye kadi ya gramu 250 au 300, hakikisha mwenye mashine amechagua karatasi nzito kwenye mipangilio. Akiacha karatasi ya kawaida, mashine haipashi moto wa kutosha, unga wa tona haushiki, na unywele ndio wa kwanza kubanduka kadi inapokunjwa. Sugua kwa kidole kwenye kadi ya kwanza. Ikitoka nyeusi kidoleni, simamisha kazi.

Karatasi yenyewe si jambo dogo. Huko Birmingham, John Baskerville alipotoa Virgil yake mwaka 1757, alitumia karatasi laini isiyo na michirizi, akakandamiza kurasa zilizochapwa kwa mabamba ya moto ili zing'ae. Firmin Didot huko Paris karibu na 1784, na Giambattista Bodoni huko Parma, walipeleka wembamba mbele zaidi kwa sababu karatasi, wino na mashine za wakati wao ziliruhusu. Herufi hizi zimezaliwa na karatasi laini. Ukizichapa kwa leza juu ya kadi yenye mikunjo na vinyweleo, ile inayouzwa kuwa ya kifahari, tona inakaa kwenye vilima na kuruka mabonde, na unywele unakuwa nukta nukta. Karatasi ya ofseti ya gramu 80 ina tatizo la kinyume: inanyonya wino, unywele unanenepa na nguzo zinavimba, kisha matundu ya a na e yanaziba chini ya pointi 10.

Wengi wanataka dhahabu. Njia ya bei nafuu hapa ni kuchapa kwa leza nyeusi, kufunika na karatasi ya dhahabu, kisha kupitisha kwenye mashine ya kuplastifia, ile ya moto inayofunika karatasi kwa plastiki. Dhahabu inashika palipo na tona tu, tena tona nene. Unywele chini ya milimita 0.3 hauna tona ya kutosha kuishika. Kwa hiyo majina ya maarusi yawe pointi 44 kwenda juu, au badilisha fonti. Pasisha mashine mpaka iwe moto kweli kabla ya kadi ya kwanza, na pitisha kadi taratibu.

Wale wanaotaka kuigiza dhahabu au krimu kwa wino nne wajue hili. Rangi hafifu haichapwi kamili, inatengenezwa kwa nukta. Kwa rasta (mpangilio wa nukta hizo) ya mistari 150 kwa inchi, nukta moja iko milimita 0.17 kutoka kwa jirani yake. Unywele wa milimita 0.1 ndani ya rasta hiyo hauna pa kukaa, unakuwa vitone. Kama mteja anang'ang'ania krimu, tumia wino maalumu uliochanganywa tayari, au bakisha krimu kwenye majina makubwa pekee na mengine yote yawe nyeusi moja. Nyeusi hiyo iwe K 100, yaani wino mweusi peke yake. Nyeusi ya wino nne juu ya unywele ni kujitafutia kesi.

Serigrafia, yaani kuchapa kwa kupitisha wino kwenye wavu, ya fulana na mifuko inategemea nyavu. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita una uzi mmoja kila milimita 0.23, na mstari unataka kukalia nyuzi mbili au zaidi ili usiwe na meno; kwa hiyo milimita 0.5, yaani pointi 72. Wavu wa nyuzi 77, kwa karatasi na plastiki, unakubali 0.35, yaani pointi 50. Ukiangaza fremu kupita kiasi, mwanga unapenya pembeni ya filamu na kuziba unywele kabla hata wino haujafika. Filamu iwe nyeusi ya kweli, isiwe kijivu. Halafu kuna kiangazi. Kati ya Mei na Septemba hewa ya Lubumbashi ni kavu na vumbi ni jingi, na wino wa maji unakauka ndani ya wavu kati ya fulana moja na nyingine. Matundu membamba huziba kwanza. Kila ukimaliza fulana, rudisha wino juu ya wavu mzima ili matundu yabaki na unyevu, tia kidogo dawa ya kuchelewesha kukauka, na usiache fremu ikae ukapokee simu.

Chagua fonti kwa ukubwa wake

Bodoni hakutoa Bodoni moja. Alikata herufi zake upya kwa kila ukubwa, ndogo zikiwa na unywele mnene kidogo, na jumla ya kazi hiyo imo katika Manuale Tipografico, iliyotolewa na mjane wake mwaka 1818, miaka mitano baada ya kifo chake. Tatizo la leo ni kwamba kompyuta inachukua mchoro mmoja na kuukuza au kuupunguza. Mchoro wa vichwa ukipunguzwa mpaka pointi 10 unapoteza unywele. Mchoro wa maandishi madogo ukikuzwa mpaka pointi 90 unaonekana mzito na mshamba. Jarida la Harper's Bazaar lilipogeuzwa sura mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jonathan Hoefler alilichorea Didot yenye mikato saba, kutoka pointi 6 hadi 96, kwa sababu hiyohiyo.

Kati ya fonti za bure zenye leseni ya OFL (leseni huria ya fonti), ambazo unaweza kuzitumia kwa kazi ya kulipwa bila kumlipa mtu, Bodoni Moda ndiyo ya kwanza kuiweka kwenye kompyuta. Ina mhimili wa ukubwa, yaani kipimo unachosogeza ili mchoro ubadilike, kutoka 6 hadi 96, kwa hiyo fonti moja inabeba mchoro wa matini na mchoro wa kichwa. Kwenye Inkscape unasogeza mhimili huo mwenyewe. Kwenye Word huwezi, na utapata mchoro mmoja tu wa msingi. Ukitaka mchoro mwingine huko, sakinisha faili moja moja zilizokatwa tayari zinazokuja na fonti, zenye namba ya pointi ndani ya jina. Kanuni ni rahisi: namba ya mhimili ilingane na pointi unazochapa. Ukichapa kwa leza, shuka hatua: kwa kichwa cha pointi 36 weka mhimili kwenye 20 hivi, unywele utanenepa na mashine itauona.

Playfair Display, ya Claus Eggers Sørensen, ilitoka 2011 na sasa imejaa kila mahali, mpaka kadi mbili kati ya tatu zinafanana. Hata hivyo ni imara: unywele wake si mkali kama wa Didot, na ndiyo maana inavumilia leza. Abril Fatface ina unene mmoja tu, mzito sana, inafaa afishi ya maneno mawili matatu. Prata ni laini na ya kike kidogo, ina unene mmoja pia. DM Serif Display ina nguvu na italiki nzuri. Cormorant watu huiweka kwenye kundi hili kwa sababu ni nyembamba, lakini asili yake ni Garamond. Uzito wake wa Light chini ya pointi 30 kwenye leza usijaribu kabisa.

Kama fonti unayoipenda ni nyembamba kuliko mashine, kuna ujanja mmoja halali: zungushia maandishi mstari wa rangi ileile wenye unene wa milimita 0.05 hadi 0.1, kona zikiwa za ncha, zisiwe za mviringo. Mstari wa 0.1 unaongeza 0.1 kwenye unywele, na unapunguza 0.1 kwenye matundu, kwa hiyo usiufanye kwenye herufi ndogo. Kitufe cha G (cha kunenepesha herufi) cha Word kwa fonti isiyo na uzito mnene kinafanya kazi hiyohiyo vibaya zaidi. Kuvuta maneno kwa upana au kwa urefu ili yajaze nafasi ni kosa baya kuliko yote. Ukiyabana kwa upana, nguzo zinakonda na unywele uliolala unabaki vilevile, na mpangilio wote wa fonti umeharibika. Badilisha pointi, au badilisha maneno.

Kiswahili ndani ya herufi hizi

Fonti hizi zilichorwa zikijaribiwa kwa Kilatini, Kifaransa, Kitaliano na Kiingereza. Kiswahili kina tabia zake, na mpangaji asiyeziona atapata kichwa kilichojaa matobo.

Kwa herufi kubwa adui ni WA, YA, KWA, VYA. Ziko katika kila mstari. Andika MWALIKO WA NDOA kwa pointi 40 na utazame: baada ya M kuna W iliyoinama, kisha A iliyoinama upande wa pili, kisha L yenye uwazi mkubwa juu. Fonti nzuri imekwisha kuisogeza W na A, lakini Word haitumii mpango huo mpaka uiambie. Kwenye Word ya Kifaransa nenda Police, kisha Paramètres avancés, tia alama kwenye Crénage na uweke pointi 8 kwenda juu. Baada ya hapo tawanya herufi kubwa kwa sehemu 40 hadi 80 za elfu za ukubwa wa fonti. Nywele za serifi zikigusana zinazaa madoa. Mwisho sawazisha jozi kwa macho, herufi tatu tatu: MWA, WAL, ALI, LIK. Ukikuta pengo kati ya W na A, ondoa 20 hadi 40. Nafasi kati ya maneno punguza kidogo, maana WA ikisimama peke yake katikati inaelea. Ukigeuza karatasi juu chini, mapengo yanajionyesha yenyewe kwa sababu husomi tena.

Kwa herufi ndogo shida ni m, n, u na i. Neno kama muhimu, mmiliki au uungwana ni nguzo nene tupu zilizosimama kwa umbali sawa, viunganishi vyake vikiwa unywele. Kwa pointi 60 linapendeza. Kwa pointi 10, ukurasa mzima unakuwa uzio wa matete, macho yanacheza. Hii ndiyo sababu matini marefu ya Kiswahili yasipangwe kwa Didot, hata kama karatasi ni nzuri. Kichwa kiwe Bodoni Moda. Matini yawe Source Serif au fonti nyingine yenye tofauti ndogo, pointi 9.5 hadi 10.5. Au chukua fonti isiyo na serifi kama Work Sans au Jost. Usiweke fonti mbili za ukoo huu pamoja, zitagombana kwa tofauti ndogo ambayo hakuna anayeielewa, na usizioanishe na mwandiko mwembamba wa mkono.

Ng' inataka apostrofi ya kweli, ile yenye kichwa na mkia. Alama iliyonyooka ya kibodi, ikikaa kati ya herufi za Didot, inaonekana ni msumari. Mji huu unaandika Kifaransa na Kiswahili kwenye kadi moja, kwa hiyo angalia pia É ya herufi kubwa. Ukibana mistari mpaka umbali uwe sawa na pointi zenyewe, mkato wa É unagonga serifi za mstari wa juu. Mistari ya herufi kubwa yenye É iwe asilimia 110 ya pointi. Isiyo na É inaweza kushuka mpaka 100.

Maneno yetu ni marefu. Wanavyojitayarisha haliingii kwenye safu ya sentimita 6 kwa pointi 48, na programu nyingi hazijui kukata Kiswahili, zinakata popote. Zima ukataji wa maneno kwenye vichwa vyote. Vunja mstari kwa maana: wa, ya, na na kwa zisibaki mwishoni mwa mstari, zishuke na neno linalofuata. Kama neno bado halitoshi, punguza pointi za kichwa kizima.

Tarakimu za Playfair Display zinakuja za kupanda na kushuka. 3, 4, 5, 7 na 9 zinazama chini ya mstari. Ndani ya sentensi ni nzuri. Kwenye tarehe iliyopangwa kwa herufi kubwa na kwenye bei zinaonekana zimelewa; washa tarakimu za kimo kimoja kwenye mipangilio ya OpenType. Namba za simu zipange kwa fonti ile isiyo na serifi. Hakuna mgeni aliyewahi kusifu urembo wa +243, anataka kuisoma tu.

Kadi ya harusi, kwa mpangilio

Chukua A5 ya kusimama, milimita 148 kwa 210, na mkato wa ziada wa milimita 3 kila upande. Pembeni acha milimita 15, juu 20. Anza na majina, kwa sababu ndiyo yatakayoamua mengine. Panga jina refu zaidi kwa upana wa milimita 100 hivi, uone limetoka pointi ngapi. Jina la pili lifuate pointi hizohizo hata kama ni fupi. Mara nyingi utaangukia kati ya 42 na 54. Kati yake weka na kwa italiki, nusu ya pointi za majina. Italiki ya Bodoni ndipo inapong'aa, na na moja iliyowekwa vizuri inatosha kuwa pambo la kadi nzima. Maua ya pembeni mwambie mteja yasubiri.

Majina ya familia, ukumbi na saa yawe pointi 9.5 hadi 10.5 kwa fonti ya pili, mistari ikitofautiana kwa pointi 14 au 15. Maneno machache ya herufi kubwa, kama MWALIKO au jina la kanisa, yanaweza kurudi kwenye Bodoni, lakini kwa mchoro wa pointi ndogo: mhimili 11 au chini, ukubwa pointi 13 hivi, yametawanywa 60. Saizi zote nne zikishakaa, usiongeze ya tano. Kama orodha ya kamati ya harusi ni ndefu, ihamishie nyuma ya kadi.

Afishi na jalada la jarida zinafuata mantiki ileile, na ongezeko moja: picha. Unywele juu ya majani ya mti, umati wa watu au liputa (kitenge) lenye michoro hauonekani, hata ukiwa na milimita moja. Tafuta sehemu tulivu ya picha, anga au ukuta, upana wa jina lote. Kama haipo, piga picha nyingine au weka jina nje ya picha. Kivuli nyuma ya herufi hakisaidii; kinaziba hasa zile nafasi unazotaka zibaki wazi.

Bango la dukani na bashi

Jicho zima hutambua kitu cha karibu milimita 0.3 kwa kila mita ya umbali. Mtu akiwa mita 20 ng'ambo ya barabara, unywele unatakiwa kuwa milimita 6. Kwa fonti ya 7 unywele ni kama sehemu moja ya 35 ya kimo cha herufi kubwa, kwa hiyo kimo kinatoka sentimita 21. Kumbuka hivi: sentimita moja ya kimo kwa kila mita ya umbali. Bashi, yaani bango la turubai, kwenye barabara ya Kasumbalesa, inayosomwa kutoka ndani ya gari mita 60 mbali, itataka herufi za sentimita 60. Mteja akikosa nafasi hiyo, mpe Abril Fatface ikiwa ni jina fupi, au uachane kabisa na ukoo huu.

Stika za kukatwa kwa plota, mashine ya kisu, zina mpaka wake. Chini ya milimita 1.5 unywele unang'oka pamoja na takataka wakati wa kung'oa, na ukiuokoa utaanza kukunjuka kwenye kioo cha dirisha jua likiupiga. Hiyo ni pointi 215 hivi kwa fonti ya 7, herufi za sentimita 5. Kisu kiwe kipya, mwendo upunguzwe, na ung'oe kwa kuvuta kando ya nguzo, usivute kukatisha unywele.

Kwenye simu

Mialiko mingi sasa inakwenda kwa WhatsApp kabla kadi haijatoka. Panga picha ya pikseli 1080 kwa 1920, unywele usiwe chini ya pikseli 2. Kwa fonti ya 7, ukubwa wa pikseli 100 ndio mwanzo, na 150 ndio salama. WhatsApp inabana picha, na ubanaji wa JPEG unachafua hasa mipaka mikali ya nguzo na unywele. Herufi nyekundu juu ya giza huharibika kuliko nyeusi juu ya krimu, kwa sababu JPEG inatunza mwanga vizuri na rangi kwa uvivu. Kwa familia tuma PDF kama dokyumenti, haibanwi. Kwa status hakuna njia, kwa hiyo tengeneza toleo lake lenye maneno machache na mhimili ulioteremshwa.

Kupeleka faili imprimeri

Fonti ambayo mwenye mashine hana inaweza kubadilishwa kimyakimya na nyingine kama Arial au Times. Toa PDF yenye fonti ndani yake, uifungue kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti hiyo, au kwenye simu, uone kama imebaki ilivyo. Kama wanataka faili ya CorelDRAW, geuza maandishi kuwa mchoro, lakini kwenye nakala. Faili yako ya kazi ibaki na maandishi, maana jina la mjomba litasahihishwa dakika ya mwisho. Usipeleke JPEG. Kwenye flashi weka PDF moja tu yenye tarehe kwenye jina, ili asifungue ya juzi.

Omba nakala moja kwenye karatasi ileile na mashine ileile itakayochapa zote. Iangalie sehemu nne kwa kioo cha kukuzia: kijiti cha H, mshipi wa e, nguzo nyembamba za N na serifi za chini za jina la maarusi. Mstari ukikatika mahali pamoja tu, ngoma ya mashine au roli ina uchafu au mkwaruzo, mwambie aikague. Ukikatika kila mahali, ni fonti: teremsha mhimili hatua moja, toa PDF mpya, uchape nyingine.